Stima, Mafuta na Haki ya Jirani



Siku hizi ukikaa baraza yoyote hapa Mombasa, iwe ya Kibokoni, iwe ya Majengo, au hata ukivuka feri ukenda Likoni, mazungumzo huanza kwa habari za wagonjwa na maiti, yakapita kwenye siasa, na mwisho wake hayana budi kufika kwenye stima. Huyu atakwambia kwamba shilingi 500 zilizokuwa zikimtosha wiki mbili sasa hazimfikishi Ijumaa ya pili. Yule atasema kwamba amenunua kwa pesa zile zile za mwezi jana, akapewa uniti chache zaidi, na hali feni ni ile ile moja na friji ni ile ile. Hapo kila mtu hutoa fatwa yake. Kuna asemaye ni serikali, kuna asemaye ni kampuni, kuna asemaye mita imechezewa, na hakosi mmoja wa kumaliza maneno kwa kusema, "Wao watuibia, basi na sisi tuwaibie."

Neno hili la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Lakini sitaki kulijibu kwa haraka, kwani wanavyuoni wetu wametufunza kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu, na wengi wetu twaihukumu bili ya stima bila ya kuifahamu. Basi natuisome kwanza.

Ukinunua tokeni, pamoja na zile tarakimu 20 za kutia kwenye mita huletewa hesabu. Sisi hunakili tarakimu, tukatia, tukatazama idadi ya uniti, tukaguna, basi. Hesabu hatuisomi. Nakuomba wewe msomaji, mara hii moja, kaa nayo chini.

Mstari wa kwanza ni bei ya stima yenyewe, nayo imepangwa kwa madaraja. Katika mabadiliko ya Aprili 2023, mwenye kutumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa uniti, mwenye kupita hapo mpaka uniti 100 akawekewa shilingi 16.30, na aliyepita 100 akawekewa shilingi 20.97. Kabla ya hapo daraja la wanyonge lilikuwa likifika uniti 100. Tena angalia jambo hili ambalo wengi hawalijui: huhesabiwi uniti 30 za mwanzo kwa bei ya chini na zilizobaki kwa bei ya juu. Hutazamwa wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita, kisha uniti zako zote zikatiwa katika daraja lake. Namjua mjane mmoja aleaye mayatima wanne kwa kuuza barafu za ukwaju na za maziwa. Friji yake peke yake yatosha kumtoa katika daraja la wanyonge. Katika karatasi yeye si maskini, kwa kuwa ana friji; na hiyo friji ndiyo imlishayo! Mimi naona walioupanga mpaka wa uniti 30 hawakuwahi kukaa Mombasa katika kaskazi, mwezi wa Februari, chini ya bati.

Mstari wa pili ndio ulio roho ya maneno yangu, nao ni malipo ya mafuta. Haya si bei ya daima. Hubadilika kila mwezi, na halmashauri isimamiayo mambo ya nguvu za umeme na mafuta, yaani EPRA, huyatangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada yake huja tofauti ya pesa za kigeni, huja nyongeza ya kupanda kwa maisha, huja 5 katika 100 ya kupeleka stima mashambani, na ada nyingine ndogo ndogo. Mwisho huja kodi ya ongezeko la thamani, 16 katika kila 100. Kodi hii haihesabiwi juu ya bei ya stima peke yake. Huhesabiwa na juu ya malipo ya mafuta vilevile. Kwa hivyo mafuta yakipanda, na kodi hupanda pamoja nayo, bila ya bunge kukaa wala waziri kusimama.

Utaniuliza: stima si yatoka kwenye maji? Mafuta yameingilia wapi?

Ni kweli kwamba Mto Tana, huu huu umwagao maji yake baharini kwetu Kipini, umefungwa huko juu kwa mabwawa matano. La Kindaruma lilianza mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru na Masinga, hata la Kiambere mwaka 1988. Ni kweli pia kwamba leo fungu kubwa kabisa la stima ya nchi hii hutoka kwenye mvuke wa moto wa ardhini huko Olkaria, kazi iliyoanza mwaka 1981, na fungu jingine hutoka kwenye upepo wa Turkana, na jingine hununuliwa Ethiopia tangu mwisho wa mwaka 2022. Vyote hivyo havichomi mafuta. Lakini mvua haiji kila mwaka, na upepo hauvumi kila saa, na sisi waja tuna tabia moja, nayo ni kuwasha vitu vyote wakati mmoja. Jua likishatua, nchi nzima huwasha taa, huwasha runinga, hupiga pasi, huchemsha maji. Mwaka 2025 kilele cha matumizi hayo kilipita megawati 2,300. Vyanzo vya rahisi visipotosha, huwashwa mashini za mafuta, na kubwa miongoni mwazo ziko papa hapa kwetu, Kipevu, upande wa bara wa Bandari ya Kilindini, na Rabai. Hizo hunywa mafuta mazito, meusi, yaletwayo na meli, na hununuliwa kwa dola.

Sasa nifahamu vizuri namna malipo yale yanavyohesabiwa. Hukusanywa gharama ya mafuta yaliyochomwa katika mwezi, ikagawanywa kwa uniti zote, za maji na za mvuke na za upepo na za mafuta, kisha kila mwenye mita akatozwa fungu lake kwa kila uniti aliyoitumia. Haulizwi kama uniti yake ilitoka Kiambere au ilitoka Kipevu, maana hakuna ajuaye.

Mfano wake ni jahazi. Pepo zikivuma, chombo huenda kwa tanga na hapana gharama mpya. Pepo zikikata, nahodha huwasha mashini, na mafuta ya mashini hugawanywa kwa abiria wote, aliyekaa tezi na aliyekaa omo. Ukame ndio pepo kukata. Ndiyo sababu mwaka wa kiangazi bili hupanda hata kama wewe nyumbani kwako hukuongeza hata globu moja. Wenye umri kama wangu wanaukumbuka ukame wa mwaka 1999 mpaka 2001, mabwawa yaliponywea na stima ikawa ya zamu.

Na zaidi ya pepo kukata, bei ya hayo mafuta nayo haimo mikononi mwetu. Mwaka 1973 vita vilipozuka baina ya Waarabu na Israili, na nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao, pipa lililokuwa la dola 3 hivi lilikaribia dola 12 mwanzo wa mwaka 1974. Mimi nilikuwa kijana wa chuoni, sikuelewa kwa nini mafuta ya taa ya kandili yamekuwa haba kwa vita vya mbali namna ile. Mwaka 2022 mambo yalikuwa yale yale kwa sura nyingine: Urusi ilipoingia Ukraine mwezi wa Februari, haukufika mwisho wa Machi ila pipa lilikuwa limeshapita dola 120. Kisha shilingi yetu ikaporomoka, hata Januari 2024 dola moja ikapita shilingi 160, na ilipofika katikati ya mwaka huo ikarudi kwenye 130 hivi. Mtu aliyekuwa Mwembe Tayari akiuza muhogo hakuwahi kuiona dola hata kwa jicho, na ilhali dola imo ndani ya tokeni yake mara mbili: mara moja katika mafuta, na mara ya pili katika ule mstari wa pesa za kigeni.

Ndugu zetu wa Unguja hawana haja ya kufunzwa haya. Stima yao huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 ilikatika, kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu. Mwenye uwezo alinunua jenereta. Hapo mtu akaona kwa macho yake petroli ikiingia kwenye tangi na taa ikitoka upande wa pili, akajua thamani ya taa. Sisi mashini yetu iko mbali, nyuma ya ukuta wa Kipevu, ndiyo maana twadhani taa haina mafuta. (Na kwa wapendao habari za kale: kampuni ya kwanza ya stima hapa Mombasa iliundwa mwaka 1908, na husimuliwa kwamba mashini yake ilikuwa ile iliyowahi kumulika jumba la Sayyid Barghash huko Unguja. Basi hata mwanzo wetu katika jambo hili ni mmoja.)

Sasa turudi kwenye lile neno la barazani.

Kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani, ambaye leo ni fundi na ana mke na watoto, alinijia baada ya darsa akangoja watu wakaondoka. Akaniambia, "Maalim, nyumbani kwangu kuna waya uliopitishwa nje ya mita. Pampu ya maji yaendeshwa kwa waya huo. Udhu wangu wasihi?"

Swali zuri. Nilimjibu kwa yale tuliyoyasoma katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, kwamba mwenye kutawadha kwa maji ya kughusubu, au kusali katika nguo ya kughusubu, ibada yake yasihi na dhambi ya ghusubu iko palepale. Na kwamba iko kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Ahmad kuwa haisihi kabisa. Na hapa maji si ya kughusubu, kilichoghusubiwa ni nguvu iliyoyapandisha. Kwa hivyo nikamwambia, "Udhu wako salama. Wasiwasi wangu si udhu." Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kujitetea, na hoja zake nazileta hapa kwa sababu si zake peke yake. Nimezisikia kwa watu wa makamo, na mara moja nimezisikia kwa mtu avaaye kilemba.

Hoja ya kwanza, ati stima haina kiwiliwili. Haishikiki, haiwekeki ghalani, vipi itaitwa mali ya kuibwa? Hii ni hoja nyepesi. Kitu chenye kipimo, chenye bei, chenye kuliwa manufaa yake, na ambacho mtu hutoa pesa zake kukipata, ndicho mali. Na mwenye kusema kuwa haishikiki na aishike.

Hoja ya pili ina elimu ndani yake. Abu Daud ameipokea hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) amewataja Waislamu kuwa ni washirika katika mambo matatu, nayo ni maji, malisho na moto. Kijana akasema, "Stima ni moto wa zama hizi." Nami simpingi kwamba yafanana nao, na kwa hadithi hii ndiyo naamini kwamba kumwacha mtu gizani kwa sababu ya umaskini si jambo dogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini wanavyuoni wameifasiri. Maji ya mtoni ni ya wote, ama aliyeyateka akayatia mtunginî mwake ni yake. Moto, jirani akija kuwashia utambi wake kwenye taa yako usimkatalie, kwani hakupunguzii kitu. Ama kuni ulizozikata ukazibeba kichwani, hizo ni zako na hana ruhusa kuzichukua. Basi jiulize: mwenye kuvuta waya nje ya mita awasha utambi, au achukua kuni? Mafuta ya Kipevu ni kuni. Zimenunuliwa, na kila apitaye nje ya mita achoma za watu.

Hoja ya tatu ndiyo ya barazani, kwamba sisi tumedhulumiwa, basi twajichukulia haki yetu. Wenye kusoma fiqhi wanajua kwamba ina mlango wake, uitwao mas'ala ya dhafari: mtu mwenye haki kwa mwenziwe, na mwenziwe akaikana, kisha akaipata mali ya yule mkanaji, je, ana ruhusa kujitwalia? Katika madhehebu yetu anayo, kwa masharti. Haki iwe imethubutu. Kiasi chake kijulikane. Asizidishe. Na inayochukuliwa iwe ni mali ya aliyedhulumu, isiwe ya mtu mwingine. Nikamwuliza kijana wangu, "Wadai kiasi gani?" Hakujua. "Umeshachukua kiasi gani?" Hakujua. "Na uliyemchukulia ni nani?" Akasema, "Kampuni."

Hapo ndipo nilipomfungulia hesabu ile niliyokufungulia wewe. Katika miaka hii ya karibuni, kwa kila uniti 100 ambazo kampuni imezinunua kwa wenye kuzalisha, zaidi ya 20 hupotea kabla hazijalipwa na mtu. Sehemu yake hupotea kwa maumbile, kwa urefu wa nyaya na uchakavu wa transfoma. Sehemu nyingine huibwa. Na msimamizi wa bei huiruhusu kampuni itie fungu la upotevu huo ndani ya bei ya wale wanaolipa. Mafuta nayo yamechomwa, lazima yalipwe, na yatagawanywa kwa wenye mita. Kwa hivyo aliyejificha ndani ya ngama la jahazi asilipe nauli hakumwibia nahodha peke yake, amewatwika abiria. Pampu ya kijana wangu yalipiwa na yule mjane wa barafu, aliye nyumba ya tatu kutoka kwake, ambaye mita yake haijaguswa. Nilipomtajia mjane kwa jina lake aliinamisha kichwa.

Na liko tofauti kubwa hapa na bei ya sukari. Sukari ikipanda, ukanunua ratili moja au ukaacha, jirani yako hakumfiki kitu. Stima sivyo. Stima ni shirika hata kwa wasiotaka kushirikiana. Uniti yako ya ziada saa mbili ya usiku ni tone la mafuta katika bili ya mtu usiyemjua. Sijui biashara nyingine iingiayo kila nyumba ambayo watu wamefungamana ndani yake namna hii, na kwa hivyo mimi nimo katika wale wasemao kwamba jambo hili liingie katika mlango wa haki za jirani, tulisomeshe huko.

Nisije nikaonekana kwamba nimewakalia vijana wa waya tu na nimewaachilia wengine. Iko dhulma nyingine isiyotajwa barazani, kwa sababu wenye baraza ndio waifanyao. Nyumba ina vyumba sita na mita moja. Mwenye nyumba hununua tokeni, kisha kila mpangaji humtoza fungu alipendalo yeye: kiasi fulani kwa globu, kiasi fulani kwa feni, na ole wake mwenye friji. Ukizijumlisha pesa za vyumba sita utakuta zimepita bei ya tokeni, na mwenye nyumba amekaa bure na faida juu. Akiulizwa husema, "Stima imepanda." Imepanda, ndiyo, lakini haikupanda mpaka hapo. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, iitwayo kwa jina la wapunjao, akawatishia wale ambao wakijipimia hutaka kitimie na wakiwapimia wengine hupunguza. Watu huisoma sura hii wakawafikiria wenye maduka. Na mita je, si mizani? Mwenye nyumba amchaye Mungu na aitundike karatasi ya tokeni ukumbini, kila mpangaji aione kwa jicho lake. Nimeliona likifanywa katika nyumba moja ya Majengo, na ugomvi uliokuwa wa kila mwisho wa mwezi ulikwisha.

Na walio juu pia wana hesabu yao. Iko hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas, kwamba bei zilipanda Madina na watu wakamtaka Mtume (S.A.W.) awawekee bei, naye akakataa, akalirejesha jambo la kupanda na kushuka kwa Mwenyezi Mungu, na akaeleza kuwa hataki kukutana na Mola wake na hali mtu anamdai dhulma ya damu wala ya mali. Wako waifanyao hadithi hii ngao, wakasema: mmeona, bei ni ya Mungu, nyamazeni. Lakini Ibn Taymiyya, na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim baada yake, wamepambanua. Bei ikipanda kwa uchache wa kitu na wingi wa wahitaji, kumlazimisha muuzaji ni dhulma. Ama muuzaji akiwa ni mmoja peke yake, na watu hawana pa kwenda, mtawala ana wajibu wa kuingia kati na kuwalazimisha waadilike. Sasa sisi sote, tangu mwenye hoteli ya Nyali mpaka mwenye chumba cha Bangladesh, stima yetu twanunua mlango mmoja. Kwa hiyo bei yake ni amana mikononi mwa wanaoipanga. Ukame ni wa Mungu, na bei ya pipa ni ya dunia. Ama kuandika mikataba ya kununua stima kwa dola na kwa miaka mingi, kuweka mpaka wa wanyonge kwenye uniti 30, na kutoza kodi juu ya mafuta yaliyopanda kwa msiba, hayo ni ya waja, na waja huulizwa.

Tena waulizwe na sisi, hapa hapa duniani. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wananchi haki ya kushirikishwa katika mambo kama haya, na kabla bei hazijabadilishwa huitwa mikutano ya kusikiza maoni. Ukenda huko utawaona wenye viwanda na mawakili wao, wamejitayarisha kwa karatasi. Jamaa zangu wa barazani, wenye sauti hizo zote, huwaoni. Na tangazo la malipo ya mafuta la kila mwezi huandikwa kwa Kiingereza katika gazeti ambalo Kibokoni sijaona nyumba iliyo nalo. Je, ni vigumu kuwataka walitoe na kwa Kiswahili, karatasi moja, ibandikwe penye kila msikiti na kila soko? Nimewaambia maimamu wenzangu kwamba jambo hili lafaa kuandikiwa barua, tena barua yenye sahihi nyingi.

Kuhusu israfu sitasema mengi, maana mwajua. Illa nitataja misikiti yetu, kwani stima ya msikiti hulipwa kwa mali ya wakfu, na mali ya wakfu ina bwana mkali. Isha imekwisha, watu wametoka, wamebaki wazee wawili na mwanafunzi mmoja, na viyoyozi vinane vyanguruma. Husimuliwa kwamba Umar bin Abdul Aziz, alipokuwa akizungumza habari zake binafsi, aliizima taa ya baitul mal akawasha yake. Na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuzima taa wakati wa kulala, akataja hatari ya panya kuuvuta utambi akaitia nyumba moto, sunna nyepesi kuliko hii sijui ni ipi, na yapunguza bili.

Tena tujifunze kupima. Pasi ya wati 1,000 ikipigwa saa moja imekula uniti nzima. Feni ya wati 60 haili uniti moja mpaka itimize saa 16 na zaidi. Kwa hivyo usimzimie mama yako feni kwa ajili ya kubana matumizi, na wewe Alhamisi usiku, saa ile ile ambayo Kipevu inanguruma, wapiga pasi kanzu tatu. Pigeni pasi asubuhi, baada ya alfajiri, kanzu za wiki nzima kwa mara moja. Nyumbani kwangu jambo hili lilileta maneno mwanzoni, kisha likazoeleka.

Yamebaki ya yule fundi. Siku ya pili alirudi akaniambia kwamba waya ameukata kwa mkono wake, na sasa ataka kutubia, lakini deni lake hajui kiasi chake, na akenda kuungama anaogopa mambo yatakayomfika na watoto wake. Nikamwambia kwamba asiyejua kiasi hukadiria kwa dhana yake kubwa, na akishuku huongeza. Tukakaa na kalamu. Pampu ya wati 750, saa moja kwa siku, miezi 14 tangu waya ulipovutwa: ni uniti 315. Tukazidisha kwa bei ya daraja lake, tukaongeza mafuta na kodi na yote yaliyomo katika karatasi, tukajaza juu yake kidogo kwa ajili ya shaka. Akaniuliza, "Nitazirudishaje, Maalim, bila ya kuonekana?"

Nikamwambia anunue tokeni kwa namba ya mita yake, kila Ijumaa kwa kadiri awezavyo, na zile tarakimu 20 asizitie. Pesa zitakuwa zimefika, na uniti hazitakuwa zimeliwa na mtu. Mkewe alipomwona mara ya kwanza akiichana karatasi alidhani ana maradhi. Mpaka leo ninapoandika haya amebakisha Ijumaa tisa.